Ulanzi wa Asubuhi: Maisha ya Mwinjilisti Obeid Kikoti

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1968, katika kijiji cha milimani upande wa Kilolo, mkoani Iringa, siku ambayo mvua ilikuwa imewazuia hata majirani wa mlango wa pili. Mama yake, Matilda, alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na maneno aliyoyasikia kwa mawifi si ya kuandikwa katika habari za watu wa Mungu. Siku moja, kwenye kikao cha wanawake wa usharika, alisimuliwa habari za mama yake Samsoni, aliyetokewa na malaika na kuambiwa kwamba atazaa mtoto wa kiume aliyewekwa wakfu, asiyeguswa na kileo. Matilda hakutokewa na malaika, wala hakuona sababu ya kumngoja. Alipiga magoti palepale shambani, katikati ya matuta ya viazi, akaahidi kwamba akipewa mtoto hatamwonjesha kileo cha aina yoyote maisha yake yote. Habari ya kutonyoa nywele aliiacha, maana alijua walimu wa shule wangemnyoa tu. Mwaka uliofuata alimpata Obeid, na mawifi wakanyamaza.

Hapa inafaa tuelezane, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Katika nyanda hizi kuahidi kwamba mtoto hataonja ulanzi, pombe ya mwanzi, si mchezo. Mvua zikishika, mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi na kutega chombo kiitwacho mbeta, na maji matamu hudondoka humo usiku kucha. Asubuhi ungali mbichi huitwa mtogwa, na hata watoto hupewa wakanywa. Uache ukae mpaka alasiri, utakuta umekuwa mkangafu, na mtu mzima na akili zake anasalimiana na nguzo ya nyumba. Tena ni desturi kwamba mtu wa heshima akifika kwa mgema asubuhi hupewa mbeta ya kwanza, na kuikataa ni kumvunjia mwenyeji uso. Matilda aliwavunjia wengi nyuso. Mtogwa au mkangafu, kwake vyote vilikuwa kitu kimoja, na mtoto alikunywa uji.

Obeid alikua akawa pande la mtu. Alipopata kipaimara mwaka 1983 alikuwa amempita baba yake kwa kichwa kizima, na sauti yake ilipovunjika ilitua chini kabisa, hata mwalimu wa kwaya akalazimika kumsogeza mstari wa nyuma ili wengine nao wasikike. Alipokuwa kijana alikwenda Mafinga, kwenye viwanda vya mbao karibu na msitu wa misonobari wa Sao Hill. Huko walimbandika jina la Winchi, kwa sababu gogo lililowashinda wenzake yeye aliliinua akalipandisha kwenye lori huku akiimba. Wanasimulia hata leo kwamba lori lilizama kwenye tope, dereva akaenda kutafuta trekta, na aliporudi akalikuta barabarani, Obeid anajifuta bega. Mimi sikuwapo, lakini waliokuwapo ni wengi mno kuwa waongo wote.

Mungu akiwapa watu nguvu namna hiyo, wengine hawajui wazifanyie nini. Obeid kwanza alijua. Jumapili alikwenda ibadani, na vijana wa viwandani, waliozoea kushinda vilabuni, wakamfuata kwa sababu tu ni yeye. Kanisa dogo la Mtaa wa Ngolila, tawi la usharika karibu na viwanda, lililokuwa na vikongwe na watoto, likajaa vijana wenye vumbi la mbao masikioni. Mchungaji Asukile, aliyekuwa na macho ya kuona mbali, alimtuma chuo cha Biblia, na mwaka 1994 Obeid akarudi Ngolila akiwa mwinjilisti, na mkewe Esther. Kazi yake kubwa ikawa misibani. Mchungaji alikuwa na mitaa mingi na barabara mbovu, kwa hiyo mazishi mengi yaliongozwa na mwinjilisti. Obeid akisimama kaburini na kuanzisha wimbo, watu walisema ardhi yenyewe inaitikia, na wafiwa walirudi nyumbani wakiweza kula. Mchungaji alianza kusema waziwazi kwamba kijana huyu atapelekwa kusomea uchungaji, na kwamba hajaona mwingine kama yeye.

Nyuma ya nyumba ya mwinjilisti palikuwa na mianzi ya Clement, mgema, jirani mwema, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi ya masika Clement alimletea mwinjilisti mbeta ya kwanza kwa heshima, na kila asubuhi Obeid aliikataa kwa upole. Asubuhi moja, alipokuwa ametembelea mgonjwa tangu alfajiri na koo limekauka, alijiuliza kwa nini amhuzunishe jirani kwa kitu wanachokunywa hata watoto wa chekechea. Akapokea. Ulikuwa mtamu, baridi, hauna ubaya wowote. Keshoye akapokea tena. Baadaye akawa anachukua kidumu kidogo nyumbani kwa ajili ya mchana, kwa kuwa kazi ni nyingi na jua ni kali. Ikifika mchana ulanzi ulikuwa umeanza kuuma ulimi kidogo. Alasiri uliuma zaidi. Esther alipomuuliza, alicheka akasema, "Mama, ni uleule wa asubuhi."

Jamani, hilo ndilo neno lililommaliza. Na kweli ulikuwa uleule wa asubuhi, hakudanganya. Watu wa kwetu wengi wamepotelea hapo, maana hakuna ajuaye saa ambayo ulanzi umegeuka. Samsoni naye hakuanguka siku aliponyolewa. Alianza kwa kupita karibu na mashamba ya mizabibu, kwa kula asali isiyomhusu, kwa kumchezea Delila kwa mafumbo, na kila mara aliamka akakuta nguvu zipo, hivyo akaamini zitakuwapo siku zote. Obeid alikuwa na kitu kingine cha kumdanganya. Kiangazi kilipofika mianzi ilikauka, ulanzi ukaisha, naye akakaa miezi mizima bila kuonja. Akajipongeza kwamba ameacha. Mvua zikarudi, na mbeta ikarudi. Ikawa hivyo misimu kadhaa, na kwaya ikazoea kumsubiri mwinjilisti, na vijana wa viwandani mmoja mmoja wakarudi vilabuni, kwa kuwa hawakuona tena tofauti.

Mwezi wa Aprili mwaka 2004 Clement alifiwa na binti yake mdogo, Goodness, kwa homa ya siku chache. Obeid alimpenda mtoto yule. Asubuhi ya mazishi alijiona hana nguvu ya kukabili msiba, akachukua kidumu akaenda kukaa nyuma ya rundo la kuni, ajikaze kidogo. Mazishi yalikuwa saa nane. Saa nane ilipita, jeneza dogo likiwa juu ya viti viwili, mvua ikinyesha, watu wakimtafuta. Alipopatikana alikuja kwa haraka akiyumba, joho limegeuzwa nje ndani, akasimama kaburini, akafungua kinywa. Akaanzisha wimbo wa harusi, ule walioimba Jumamosi iliyopita.

Hakuna aliyeitikia. Aliimba ubeti mzima peke yake kabla hajasikia ukimya ule. Mama wa mtoto alikuwa amefunika uso kwa kanga. Clement hakupandisha sauti. Alisema, "Mwinjilisti, nenda nyumbani," kisha akachukua jembe akamfukia mwanawe mwenyewe, bila wimbo.

Baraza la wazee lilimvua utumishi wiki ileile, na lilifanya haki. Obeid hakungoja hata kuaga. Alikimbilia mkoani Mbeya, kwenye tambarare za Usangu, akiwa ameona haya hata ya kumtazama Esther, aliyerudi Kilolo kwa mama mkwe. Huko hakuna mianzi, lakini mwenye kutafuta kileo hakikosi. Alipata kibarua kwa Makoye, mzee mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini na ng'ombe wake, akabeba magunia ya mpunga mchana na kunywa ujira wake jioni. Nguvu zilikuwa zipo bado, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba mabega yale hayakuwa na kazi nyingine tena.

Makoye hakuwa Mkristo, lakini Mungu humtumia amtakaye. Siku moja wakiwa shambani, dume mmoja mkubwa aligoma kulima, akavunja nira mara ya tatu. Makoye alimtazama dume, akamtazama na Obeid aliyekuwa amekaa kwenye tuta na kichwa kinamgonga. Akasema polepole, bila hasira, "Obeid, sisi ng'ombe mwenye nguvu asiyekubali nira tunamchinja, tunamla, yanaisha. Sasa wewe nikufanye nini?"

Obeid alishuka kutoka kwenye tuta. Alilia palepale kwenye majaruba, mwanamume mzima, maji ya shamba yakimfika magotini, na Makoye akaenda zake na ng'ombe ili kumwachia nafasi. Tangu siku hiyo hakuonja tena. Haikuwa rahisi, na asidanganywe mtu kwamba ilikuwa rahisi. Alitetemeka, aliugua, alimchukia kila aliyepita na chupa. Lakini alibaki Usangu akipanda na kuvuna mpaka alipokuwa na hakika kwamba si kiangazi tu kilichomwachisha. Esther alimfuata huko mwaka 2007, akamkuta mtu aliyekonda na mpole, wakaanza upya.

Mwaka 2009 walirudi Kilolo kwa Matilda, aliyekuwa amekula chumvi nyingi na macho yamepungua. Obeid alitaka kukaa hapo, alime viazi, asahaulike. Matilda alimpapasa uso akamwambia, "Mwanangu, hapa hukumkosea mtu. Nenda ulikokosea." Basi wakapanda basi mpaka Mafinga, na Jumapili iliyofuata Obeid alisimama mbele ya ibada Ngolila, akatubu kwa maneno machache. Mchungaji Asukile alimpokea kundini, lakini si katika utumishi, na Obeid hakuomba utumishi. Alikwenda kwa Clement, akamkuta kwenye mianzi, akamsalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene," kisha akaomba msamaha. Clement aliendelea kukata ncha za mwanzi. "Nimekusikia," alisema. Kusikia si kusamehe, na Obeid alijua.

Ndipo alipoweka nadhiri yake mwenyewe, ya mama yake ikiwa imekwisha kuvunjwa: hatafungua kinywa kuimba mpaka Clement amruhusu. Fikiri, sauti ile. Kwaya ilimwomba, vijana walimwomba, na mchungaji naye alimgusia, naye alitikisa kichwa. Badala yake kila msiba alikuwa wa kwanza kushika sururu. Alichimba makaburi ya wakubwa na watoto, kwenye udongo mgumu na kwenye tope, na ulipofika wakati wa nyimbo alirudi nyuma ya watu, kofia mkononi, midomo imefungwa. Wanasema kaburi alilochimba Obeid halikuwahi kutitia, hata mwaka wa mvua kubwa. Vijana wa viwandani walianza kuja kumsaidia kuchimba. Hakuwahubiria, walichimba tu naye, na akiwakuta na kidumu aliwauliza kama wanajua ulanzi umegeuka saa ngapi. Wengine walicheka. Wengine waliacha.

Mwezi wa Februari mwaka 2016 mke wa Clement alifariki, na Obeid akachimba kaburi lake kando ya lile dogo la Goodness. Mchungaji Asukile alikuwapo mwenyewe, kitabu kimefunguliwa. Kabla hajaanza, Clement alisogea mbele, mzee sasa, mvi zimemjaa, akasema kwa heshima, "Mchungaji, nisamehe. Huyu mwenye sururu ndiye atuongoze." Watu wote waligeuka. Obeid alikuwa amesimama nyuma, udongo mpaka viwikoni, hakuelewa kama ameitwa yeye. Clement akamwendea mpaka alipo. "Mwanangu hakuimbiwa," alisema. "Leo waimbie wote wawili, yeye na mama yake."

Obeid alijaribu, sauti ikakataa. Akajaribu tena. Ilipotoka ilikuwa imezeeka na ina mikwaruzo, lakini ilikuwa ileile ya chini, na ubeti wa pili haujaisha mlima mzima ulikuwa ukiitikia, na Clement akiimba kwa nguvu kuliko wote. Walioshuhudia wanasema hawajaona mazishi yenye furaha kama yale, na wanasema hivyo bila aibu.

Tangu hapo alirudishiwa uinjilisti, akafundisha darasa la kipaimara na kuzika watu wa Ngolila kwa miaka iliyobaki. Uchungaji hakuupata, miaka ilikuwa imekwisha kupita, na yeye mwenyewe alisema hivyo bila kulalamika. Alikuwa mtu wa kuchekacheka, anayependa chai yenye maziwa mengi na kutaniwa na Esther kwa unene wake mpya. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa Juni mwaka 2023, kitandani pake, baada ya kula vizuri. Kaburi lake lilichimbwa na vijana wa viwanda vya mbao, waliogombania sururu mpaka wazee wakaingilia kati. Mtaa wa Ngolila leo ni usharika kamili, na katika kwaya yake wamo wengi waliochimba naye.

Mama yake Samsoni alitoa mwana, na mwana akatumia nguvu zake ovyo mpaka saa ya mwisho. Obeid alipewa zaidi ya saa ya mwisho, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Basi mpenzi msomaji, uliye na kipawa leo kitumie leo, kabla hakijazoea kukaa bure. Na wewe uliyekwisha kuanguka usingoje watu wasahau ndipo urudi. Rudi wangali wanakumbuka, hata kama kwanza utakachopewa mkononi ni sururu tu.