Injini na Kazi ya Kutegea

Ukitaka kujua kutegea ni nini, kamusi iache. Ingia chumba cha kufulia cha hospitali, mshike blanketi lililolowa wewe na mwenzako, mmoja huku mwingine kule, mkamue. Mwenzako akishika tu bila kutia nguvu, mikono yako itakwambia hapo hapo. Msimamizi hawezi kumgundua, maana uso kaukunja kama wewe. Lakini huyo kategea, na wewe ndiye utakayehema kwa niaba ya wawili.

Hilo Injini alilijua kuliko wote. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwa na kupoa, mama wa watu. Na mdomo nao, usiseme! Kila siku iendayo kwa Mungu alimwandama Kidoti, mwenzake wa zamu, ambaye haja ilimbana kila toroli la nguo chafu lilipoingia.

"Mtegeaji mkubwa wewe! Umekuja kazini au kuuza sura?"

Kidoti alicheka tu.

Kisha Injini akapasuliwa ngiri. Daktari akamkanya: asibebe kizito wala kukaza tumbo mpaka apone kabisa, la sivyo kidonda kitaachia na atarudi kwenye kisu. Akapangiwa kukunja mashuka makavu. Ungedhani alifurahi? Thubutu! Alikunja huku kanuna, akisikiliza wenzake wakihema upande wa pili. Hakuna aliyemsema, ila aibu ilimla vibaya. Alijiona amekuwa mtegeaji.

Siku mashine ya kukamulia ilipogoma, wodi ya watoto ikawa inangoja mablanketi. Injini hakuvumilia. Akainuka, akadaka ncha moja. Kidoti alikuwa kwenye ncha ya pili.

"Dada, kidonda hicho!"

"Kamua, acha maneno."

Akakaza. Kitu kikamchoma chini ya kitovu, nguvu zikamwishia mikononi. Alibaki ameshika, uso kaukunja, na Kidoti, kwa vyovyote, alijua. Akakita miguu, akalisokota blanketi peke yake mpaka maji yakamwagika chwaaa sakafuni.

Injini akakodoa macho. "Kumbe nguvu unazo!"

"Ninazo, dada. Nilikuwa nazitunza."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Injini naye akacheka, kashika tumbo, kicheko chenyewe kinamuuma. Kidoti akanyanyua blanketi jingine, akamwelekezea ncha. Injini akaitazama. Angeweza kuishika tena na kuigiza, na Kidoti angemfichia mpaka jioni.

"Siwezi, mdogo wangu," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Tumbo linaniuma. Nisaidieni."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Wanawake wawili wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaja mbio kugombania ncha yake.