Tecla Alipocheka Mbele ya Jeneza

Siku ya kumuaga Mzee Ogola, kanisa likiwa limejaa hadi nje, Tecla alicheka.

Si kutabasamu. Si ile ya kuficha mdomo na leso. Alicheka kicheko kizima, cha meno yote, mpaka aliyekuwa akisoma historia ya marehemu akanyamaza.

Na marehemu alikuwa nani? Baba ya Ogada.

Na Ogada ni nani? Jamaa aliyekuwa amepanga kumuoa Tecla Desemba.

Sasa mnaona moto ulianzia wapi.

Hii kisa Tecla alinipa mwenyewe, na ruhusa akanipa, kwa hivyo msijae inbox kunigombeza.

Tecla ni mwalimu wa bayolojia, shule moja ya kutwa hapa karibu na Litein. Ogada anafundisha Kiswahili shule hiyo hiyo. Mmoja anafundisha watoto jeni, mwingine anawafundisha misemo. Mapenzi yao yalianzia kwa staffroom, wakigombania birika la chai.

Mzee Ogola alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha chai miaka thelathini na nne. Tecla alimpenda sana. Mzee naye alimwita "daktari wangu", kwa sababu kwake yeye, mtu anayejua bayolojia ni daktari tu ambaye hajapewa koti.

Kwa hivyo siku ile Tecla alikuwa na uchungu wa kweli. Ulianzia tumboni, ukapanda kifuani, ukafika kooni.

Ulipofika mdomoni, ukatoka kicheko.

Alitoka mbio, akajitupa nyuma ya kanisa katikati ya majani chai, akacheka hadi akatapika.

Christabel, mama ya Ogada, hakusema kitu siku hiyo. Alimpeleka mumewe nyumbani kwao ziwani, akamzika, akakaa huko wiki tatu. Aliporudi ndipo akamwita mwanawe.

"Huyo msichana hataingia kwangu."

"Mama, Tecla hakuwa anamcheka Baba."

"Alikuwa anamcheka nani? Mchungaji?"

Ogada, mwalimu wa misemo, akakosa msemo.

Ukweli ni kwamba Tecla amekuwa hivyo tangu utotoni. Darasa la tatu alivunjika mkono, akacheka, mwalimu akamwongezea viboko kwa kiburi. Ameombewa. Amefunga na kuomba. Wapi! Akifurahi, yuko kawaida kama watu wote. Akiumia, anacheka.

Jumatatu moja alikuwa anafundisha Form Four jinsi jeni zinavyojionyesha.

"Unaweza kuwa na jeni na isijionyeshe," akawaambia. "Na watu wawili wanaweza kuwa nayo ile ile. Kwa mmoja ijionyeshe sana, kwa mwingine kidogo tu."

Msichana mmoja, Chepngeno, akainua mkono.

"Madam, na ile ya uso? Kitu ikiwa ndani, halafu uso inaonyesha ingine, hiyo nayo inaitwa aje?"

Darasa likaangua kicheko. Hao wote walikuwa wameskia mambo ya kanisani.

"Hiyo haiko kwa silabasi," Tecla akajibu.

Akamaliza somo, akafuta ubao, akaenda chooni kulia. Yaani, kucheka.

Jumamosi iliyofuata Christabel akaamka mapema, akavaa nguo yake nzuri na kofia ya kanisa, akamswaga Ogada mbele kama mbuzi hadi Kimulot, kwa wazazi wa Tecla. Yeye si mtu wa kuvunja uchumba kwa simu. Ulijengwa watu wakitazamana, utavunjwa watu wakitazamana.

Rodah, mama ya Tecla, aliwapokea vizuri. Tecla alikuwa nyumbani wikendi hiyo; akaleta chai, akaleta maziwa ya mursik. Mzee Kipchirchir, baba yake, akakaa kwa kiti chake. Mzee mzito, maneno yake ni ya kupima, uso wake haujui mchezo.

Christabel hakugusa kikombe.

"Baba Tecla, Mama Tecla, sina ubaya na nyinyi. Mmenikaribisha vizuri tangu mwanzo. Lakini mtu aliyemcheka mume wangu kwa jeneza hawezi kuwa mtoto wangu. Nimekuja kuwarudishia msichana wenu."

Mzee Kipchirchir akamtazama binti yake. Kidevu kikaanza kutetemeka. Akauma mdomo. Akashika kiti kwa mikono yote miwili.

Halafu akacheka.

Si mchezo! Kuku waliokuwa mlangoni walitawanyika. Tecla kumwona babake hivyo, naye kikamshika. Baba na binti wakacheka wakiangaliana, machozi yakiwatiririka.

Christabel akasimama, mkoba kwapani. "Yawa! Kumbe ni ukoo mzima!"

"Mama Ogada, tafadhali keti," Rodah akasema. "Huyu mzee hivi unavyomwona, ndio analia."

"Analia?"

"Miaka thelathini na moja nimemficha. Siku tulizika mama yake, alicheka kando ya kaburi mpaka ndugu zake wakamfukuza. Tangu hapo haendi mazishi. Kukiwa na matanga, mimi nasema anaumwa na mgongo."

Tecla akakatika kicheko ghafla. "Mama, kwani mgongo wa Baba..."

"Mgongo uko sawa kabisa."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulivunjika mkono ukacheka, nikajua. Nikaomba tu ikuishe kabla watu waone."

Mzee Kipchirchir alijipangusa uso na mkono wa sweta. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Nilifikiri ni laana yangu peke yangu. Kumbe nimekupatia wewe."

"Kama ni jeni ama ni nini, sijui, Baba," Tecla akasema. "Masomo yangu hayajafika hapo. Lakini kama ni yako, haiwezi kuwa laana."

Sasa wote wakamgeukia Christabel, wakingoja radi.

Christabel akaketi. Akachukua kikombe, akanywa chai iliyokuwa imeshapoa.

"Mimi siku ile nililia," akasema.

"Tulikuona, Mama," Ogada akasema. "Ulizimia mara mbili."

"Sikuzimia."

"Mama?"

"Sikuskia kitu, Ogada. Nilikuwa kama redio imetolewa betri. Lakini kanisa lote lilikuwa linaniangalia, na mjane lazima alie. Kwa hivyo nikalia. Nikajitupa chini. Shangazi yako Jerusa akanidaka vizuri, nikaona nijitupe tena."

"Machozi yangu yalikuja juzi tu. Nilikuwa napita sokoni Litein, yule wa mitumba akaniita, 'Mama, leo niko na viatu namba kumi na mbili za Mzee!' Yeye hakuwa ameskia kuwa Mzee ameaga. Nilikaa chini ya mwavuli wake nikalia mpaka akafunga biashara."

Akamgeukia Tecla.

"Wewe nijibu ukweli. Ulimpenda mzee wangu?"

Tecla akafungua mdomo aseme ndio. Neno likakataa. Kikatoka kicheko, kile kile cha kanisani, na mabega yakatikisika.

Safari hii Christabel hakuangalia pembeni. Alimtazama usoni muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya lugha aliyoisahau.

Kisha akamshika mkono. "Basi, mwanangu. Nimeskia."

Harusi ilisogezwa, ikafanyika Aprili. Tecla aliapa viapo vyake bila shida. Shida ilikuja Mzee Kipchirchir alipoambiwa amkabidhi binti yake. Alicheka mpaka mchungaji akaomba wimbo uimbwe.

Na ni Christabel, kofia imesimama wima, aliyepita kiti kwa kiti akiwaelezea wageni wa pande zote mbili: "Msishangae. Huyo mzazi mwenzangu anaumia."

Funzo? Mtu akikuonyesha uso, umeona uso. Ya moyoni, muulize. Na ukishamuuliza, ngoja jibu, hata likija limevaa nguo ya ndani nje.