Bomba Lililoanzia Jichoni

Jicho langu la kulia lilishakufa. Likabaki la kushoto, nalo likawa gumu kama kokwa la embe. Nilikuwa naona katikati tu. Tembo akipita pembeni, kwangu mimi hajapita.

Daktari wa Korogwe akasema, "Mzee, maji ya jicho yamekosa njia, yanakandamiza mshipa wa kuonea. Kilichopotea hakirudi. Nitakuwekea kimpira cha kuyatoa, tulinde kilichobaki."

Kimpira chenyewe, unywele ni gogo ukilinganisha! Akakipenyeza jichoni, kisahani chake cha kupokelea maji akakificha nyuma chini ya ngozi ya jicho. Halafu akakibana kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, maji yasije yakatoka kwa pupa jicho likanywea. "Mpaka uzi uyeyuke, usiiname, usibebe mzigo."

Nikarudi Sindeni nimenyooka kama mlingoti. Kijiji cha ujamaa kizima kikaja kunichungulia. Tangu tuhamishiwe pale tulikuwa tumeahidiwa maji ya bomba, hata koki hatujaiona.

"Kumbe bomba limeanzia jichoni kwako!" akasema balozi wetu wa nyumba kumi. "Tulete ndoo?"

"Leteni, ila foleni anaanza mke wangu."

Utani ukaisha siku ya shamba la kijiji. Balozi akanipa jembe. Nikamwambia siruhusiwi kuinama.

"Kwani jicho ndilo linalolima? Hapa kupe hatumtaki!"

Wakati ule kuliko kuitwa kupe, bora uitwe fisi. Nikalishika jembe. Mke wangu, Mshambaa wa milimani, akanipokonya.

"Balozi, huyu akipofuka, utamshika mkono wewe kumpeleka chooni? Sema hapa, watu wasikie!"

Balozi akakohoa weee, kama kameza panzi. "Basi, akalinde nyani."

"Pembeni haoni!"

"Si ana shingo? Aigeuze!"

Nikasimama kwenye dungu nageuza shingo kutwa, mpaka nyani wakahamia Kabuku wakidhani nina wazimu.

Tuliporudi Korogwe, uzi ulikuwa umeshayeyuka. Daktari akanibonyeza juu ya kope, polepole. Mke wangu kaziba mdomo kwa kanga.

"Limelainika," akasema daktari. "Maji yanapita."

Nikamgeukia mke wangu. Machozi yanamtiririka, yeye hana hata kimpira.

"Usinikodolee, mzee, watu wapo."

"Wapo wapi? Mimi nakuona wewe tu."

Manesi wakaangua kicheko. Sikuwaona, niliwasikia.