Mashine Iliyochanganya Safi na Fifi

Nakumbuka Alhamisi moja katika miaka ya sitini, mwanangu, pale Homa Bay, jua la saa tisa likiwaka juu ya mabati ya jumba la mikutano, nami nikiteremka kuelekea ziwani huku nikihesabu hatua zangu. Ndani ya jumba, mashine ya sinema ilikuwa ikipiga muziki peke yake. Nilikuwa naipima. Kila baada ya hatua ishirini nilisimama, nikatega sikio, nikaandika kwenye daftari, nikaendelea. Nilipofika pale akina mama walipoanika omena, bado niliisikia. Mmoja wao alikuwa akitikisa mabega kuufuata ule muziki, bila kuacha kugeuza samaki. Nikaandika: "Bora kabisa." Nikapiga mstari chini yake, mara mbili.

Aliyekuwa akitembea hivyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mwaka mmoja wa fizikia ya chuo kikuu na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Watu waliniita Jasomo, yaani mtu wa kusoma, na nusu yao walisema hivyo kwa heshima. Sikujua kwamba kulikuwa na nusu nyingine.

Nakusimulia haya kwa sababu barua yako imenifikia, pamoja na yale makaratasi yenye picha za risiva unayotaka kununua, hiyo ya kuunganisha televisheni na spika tano sebuleni. Umepigia mstari idadi ya wati. Nilipouona mstari huo nilicheka, kisha nikaona aibu ya miaka thelathini iliyopita ikinipanda usoni kana kwamba ni ya jana.

Hali ilikuwa hivi. Kamati ya jumba ilitaka mashine ya sinema, na wauzaji wawili wa Kisumu walikuwa wametuachia mashine mbili tuzijaribu kwa juma moja. Kila moja ilikuwa na projekta ya kutupa picha ukutani, amplifaya ya kukuza sauti, na spika. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, vitufe vyake viking'aa kama vijiko vya harusi, na spika yake ilikuwa na kimo cha kabati la nguo. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina mapambo, na spika yake ungedhani ni sanduku la mwanafunzi wa bweni. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Owuor, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba kabla ya kustaafu, alisema kwamba kwa bahati nzuri Jasomo yuko nyumbani kwa likizo, basi yeye ndiye atakayechagua.

Nilichagua kwa sayansi yangu yote. Sauti niliipima kwa hatua kuelekea ziwani. Mashine ya kijivu ilinyamaza kabla sijaufikia hata mti wa kwanza barabarani, ile nyeusi ikanisindikiza hadi kwenye omena. Picha niliipima kwa sinema fupi ya sabuni, yenye mashati meupe yaliyotundikwa kwenye kamba. Kwenye mashine nyeusi mashati yale yaliwaka hadi nikafumba jicho moja. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwa projekta muda wote, na projekta za siku hizo zilinguruma kama cherehani kumi. Hata mara moja sikuenda kuketi kwenye benchi.

Mzee Owuor aliniuliza swali moja tu: kama nilikuwa nimesikiliza watu wakizungumza ndani ya hizo mashine. Nikamjibu kwa fahari kwamba ile nyeusi inasikika hadi kwa akina mama wa omena. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa." Ijumaa asubuhi niliandika barua ya kamati kwa mkono wangu mwenyewe: mashine nyeusi ibaki, ya kijivu ifungwe kwenye kreti na kurudi Kisumu kwa lori la Jumamosi.

Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi, tulikuwa na onyesho. Madirisha yaliwambwa magunia ili kuzuia mwanga. Sinema yenyewe ilikuwa ya kilimo cha pamba, iliyopigwa Kendu Bay mwaka uliotangulia na watu wa picha kutoka Nairobi, na ilikuwa imekuja kwetu kwa siku moja tu. Kesho yake ingeondoka na lori hilo hilo.

Saa tisa na nusu aliingia mwanamke aliyevaa kitambaa cheupe cha kanisa, amebeba muhogo wa kuchemsha kwenye kikapu. Alikuwa Min Ochieng', mama yake Ochieng', na alikuwa amepanda mabasi mawili kutoka Uriri. Mwanawe alikuwa akifundisha wakulima wa Kendu Bay namna ya kupanga pamba. Wale watu wa picha walimnasa kwenye sinema akiwa kazini. Miezi miwili baadaye homa ilimchukua. Hakuacha picha yoyote nyumbani, hata ndogo ya kitambulisho. Mama huyu alikuwa ameambiwa na mchungaji wake kwamba Ochieng' yumo ndani ya sinema na anazungumza.

Nilimweka mbele kabisa, karibu na ile spika yenye kimo cha kabati. Nilidhani namfanyia hisani.

Sinema ikaanza, jumba likatetemeka, watu wakashangilia. Vijana walipigana makofi mgongoni kwa furaha ya mtetemo tu. Kisha akatokea kijana mbele ya malundo mawili ya pamba. Weupe wa shati lake na wa pamba ulimwagika ukutani, ukamfika shingoni, ukamla uso. Palibaki shati linalozungumza, na juu yake giza. Sauti nayo ilitoka kama pipa linaloviringishwa. Kijana alikuwa akisema kitu kuhusu lundo hili na lundo lile, lakini maneno yote mawili yalitoka "afi, afi", na kila aliyekuwamo ndani alijazia mwenyewe.

Unajua, mwanangu, au pengine hujui, kwamba wakulima wa pamba waliipanga kwa madaraja mawili. Nyeupe, kavu, isiyo na majani, iliitwa safi. Yenye madoa na takataka iliitwa fifi. Mkulima aliyezichanganya alirudishiwa gunia lake mbele ya majirani. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa kazi yote ya Ochieng'.

Min Ochieng' alisimama katikati ya sinema. Kivuli chake kikajaa ukutani.

"Huyo si Ochieng'," alisema.

Nilizima mashine, nikamwendea, nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba ndiye, kwamba jina lake limeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na sinema, kwamba mashine hii ina wati nyingi kuliko nyingine yoyote kusini mwa Kisumu. Hilo la mwisho nilikuwa nimelitunga papo hapo.

"Wewe unamjua kwa karatasi," akasema. "Mimi namjua kwa mdomo wake. Mwanangu hawezi kuchanganya safi na fifi."

Alichukua kikapu chake, akaenda kulala kwa ndugu wa kanisa lake. Watu waliniomba niwashe tena. Niliwasha.

Jumba lilipokwisha kuwa tupu Mzee Owuor alikuja kukaa kwenye benchi ya nyuma na kuniita. Hakupandisha sauti. Alisema, "Nyathina, mwanangu, nilikuuliza kuhusu watu ukanijibu kuhusu umbali. Kesho yule mama atarudi Uriri na kusema kwamba alikuja kumwona mwanawe, akaonyeshwa shati." Kisha akaongeza kwamba hakunikataza kuandika ile barua kwa kuwa hata yeye aliziogopa kalamu zangu tatu. Hilo liliniuma kuliko karipio lenyewe.

Jumamosi asubuhi lori lilikuja mapema. Nilitoka mbio kwenda kumwomba dereva asubiri, nikakuta kazi hiyo imeshafanywa. Min Ochieng' alikuwa ameketi juu ya kreti ya mashine ya kijivu, kikapu magotini, akila muhogo. Alikuwa amesikia kwa wale ndugu wa kanisa kwamba ipo mashine ya pili.

"Mama, ondoka hapo tafadhali," dereva alikuwa akimwambia. "Mimi niko na safari ya Kisumu."

"Na mimi nilikuwa na safari ya kutoka Uriri," akajibu. "Yangu haijafika."

Dereva alinitazama mimi, nami nikamtazama Mzee Owuor, ambaye alikuwa akiitazama saa yake ya mfukoni kana kwamba hayamhusu. Alimwambia dereva kwamba chai ya hapo jirani ni nzuri. Tukafungua kreti.

Nilifikiri tungeweka sinema mara moja, lakini yule mama alikataa. Alisema sinema hiyo ameisubiri mwaka mzima, hataki kuiona vibaya mara ya pili, kwanza aijue mashine. Aliagiza kipaza sauti kiunganishwe. Mzee Owuor alitumwa nje, nyuma ya magunia ya dirishani, naye Min Ochieng' akaenda kuketi benchi ya katikati, akiupa ukuta mgongo. Mzee alisema maneno machache bila mashine. Kisha akayasema tena kupitia ile nyeusi, kisha kupitia ya kijivu.

"Hii ya mwisho ni Owuor," mama akatoa hukumu. "Ile ya katikati ni Owuor ameanguka ndani ya mtungi."

Kutoka nyuma ya magunia Mzee aliuliza kama kuna mtu anayepanga kumtoa.

Nikajitetea. Nikasema ya kijivu haina nguvu, ndiyo maana inaonekana tulivu. Min Ochieng' aligeuka, akaniuliza kwa nini basi sipunguzi ile kubwa mpaka zilingane, ndipo tuone. Mwanangu, nilikuwa nimekaa darasani mwaka mzima nikifundishwa kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote unavisawazisha. Nilikuwa nimepata alama nzuri kwa kuliandika hilo kwenye mtihani. Nilipunguza. Zilipolingana, ile nyeusi ikabaki haina kitu. Ukubwa wake ndio uliokuwa uzuri wake wote.

Kwenye picha alifanya jambo ambalo sikulisoma popote. Tulipoweka ile sinema ya sabuni, mashati hakuyatazama kabisa. Alimtafuta mwanamke aliyesimama kivulini nyuma ya kamba, ambaye mimi nilikuwa sijamwona hata mara moja, kisha akaunyosha mkono wake mwenyewe kwenye mwanga wa projekta na kuutazama mkono, na kumtazama mwanamke, mkono, mwanamke. Kwenye mashine nyeusi alikuwa doa. Kwenye ya kijivu alikuwa na mashavu, na alikuwa amechoka.

"Haya," akasema. "Mlete mwanangu."

Akaja. Picha haikuwa na mng'aro wa jana, lakini shati lilikaa mahali pake na uso ukakaa juu ya shati. Kijana mwembamba, paji la uso la mama yake, macho yakikwepa kamera kwa haya. Alishika konzi ya pamba kila mkono. "Safi hapa," alisema. "Fifi hapa. Usichanganye." Na ile "s" ya safi ilitoka na filimbi ndogo, kwa sababu alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele. Ni filimbi hiyo ambayo mashine yangu ya wati nyingi ilikuwa imeimeza nzima.

Min Ochieng' alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Anapiga filimbi," alisema. "Tangu anaanza kusema. Nilimpiga kwa ajili ya hiyo filimbi kanisani."

Kisha akasema, "Irudishe."

Niliirudisha mara tatu. Mara ya tatu, Ochieng' aliposema usichanganye, mama yake alimjibu polepole, "Sichanganyi, baba." Nilipogeuka nilimwona dereva wa lori amesimama mlangoni, kofia mkononi, wala hakutuharakisha.

Dereva aliondoka na mashine nyeusi. Jumatatu nilisimama mbele ya kamati, nikaisoma barua yangu kwa sauti, nikasema kwamba aliyeiandika hakuwa amesikiliza, nikaichana. Watu saba wazima walinitazama nikiokota vipande. Mashine ya kijivu ilitutumikia mpaka nilipohama.

Basi, mwanangu, usinunue hiyo risiva kwa makaratasi. Nenda dukani na kanda yenye sauti ya mtu unayemjua vizuri, hata kama ni shangazi yako akigomba, maana muziki usioujua unaweza kudanganywa nao siku nzima. Mlazimishe muuzaji asawazishe sauti za mashine zote kabla hujahukumu, kwa kuwa iliyo juu kidogo itakupendeza hata kama haina kitu, na yeye analijua hilo kabla yako. Kisha iteremshe chini kabisa uone kama maneno bado yana meno yake, "s" na "f" na "t". Fataki na bahari ya buluu anazokuonyesha muuzaji ziachie macho ya wageni. Wewe tafuta uso mweusi uliosimama kivulini, uone kama una mashavu. Kaa mahali ambapo mama yako ataketi, si pale unaposimama wewe na kitabu cha maelezo. Na uketi muda wa kutosha masikio yachoke, kwa sababu kuna sauti zinazopendeza kwa dakika tano na kuumiza kichwa kwa miaka mitano. Ukiambiwa duka linafungwa, keti juu ya kreti.

Na katika mambo mengine ambayo utaitwa kuyapima kwa kuwa umesoma, uliza kwanza ni nani anayehitaji kusikia, ukamwite, kisha wewe unyamaze.

Mungu akulindie masikio yako, akupe subira ya benchi ya katikati. Na jioni mtakapoketi nyumba nzima mbele ya mashine yenu mpya, akujalie isiwepo ndani yake sauti hata moja mnayoihitaji kuliko zile zilizomo chumbani.