Kura Moja kwenye Mlango wa Darasa

Tulikuwa tumekwisha kupiga kura, tukaambiwa turudi tena. Mheshimiwa wetu wa bunge la jimbo alikuwa amefariki, na wale wawili walioandikwa nyuma yake ili washike nafasi hawakuwapo: mmoja alimtangulia kaburini, mwingine alipata kazi Kinshasa na hakutaka tena kusikia habari za Lubumbashi. Kikabaki kiti kitupu, nasi wakazi wa Kamalondo mjini humo tukatakiwa kuchovya kidole katika wino kwa mara nyingine. Nilisikia tangazo redioni nikiwa napiga pasi suruali ya mtu. Sikuhisi chochote, ila uvivu wa kusimama kwenye mstari.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwenye nyumba ya marehemu baba, aliyekuja mjini kutoka upande wa Mitwaba kufanya kazi ya reli. Nakaa humo na dada yangu mkubwa, mjane, ambaye namwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote huku. Yaya alikuwa kiongozi wa akina mama wa chama cha yule mheshimiwa katika avenue yetu, yaani barabara tunayokaa. Watu walimwita Mama Présidente, hata wale ambao hawakukitaka chama chake. Kila uchaguzi alipita mlango kwa mlango akiwa na kitenge chenye sura ya mheshimiwa tumboni na mgongoni, akiahidi jambo moja tu: kanivo, mfereji wa saruji wa kupitisha maji ya mvua. Avenue yetu iko bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia ndani bila hodi na kutuachia matope hadi chini ya vitanda.

Mimi chama kile sikukipenda wala sikuficha. Nilikitukana mezani mpaka yaya akaniambia ninyamaze nile bukari yangu, ugali wetu wa huku. Lakini yeye binafsi sikuweza kumlaumu. Aliiamini ile kanivo kuliko mheshimiwa mwenyewe.

Mlango wa pili kutoka kwetu anakaa mama mzee anayelala peke yake kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Kila baada ya mvua godoro lile liliamka limelowa. Uani kwake kuna jua zuri, angeweza kulianika huko. Hakulianika huko. Alilikokota mpaka barabarani, akaliegemeza kwenye ukuta unaotazama lango letu, kisha akamwamkia yaya kwa heshima zote na kuulizia afya yake. Hakuwahi kutamka neno kanivo. Siku za godoro, yaya alikwenda sokoni kwa kupitia njia ya nyuma, ingawa ni mbali na ina mbwa.

Kampeni ya kile kiti kimoja ilikuwa baridi. Wakubwa wa chama hawakushuka hata kutusalimia. Walituma robota la vitenge na fulana, basi. Yaya aliniletea kitenge chake nimshonee blauzi mpya, yenye sura ya mgombea mpya. Nikampima barazani. Aliinua mikono, nami nikaona vipimo vyangu vya zamani havimfai tena. Alikuwa amekonda, na mimi ninayeishi naye nyumba moja sikuwa nimeona. Hilo liliniuma.

"Mudogo yangu," akasema, mikono ikiwa bado juu, "kanivo niliiimba mpaka kinywa inachoka."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaguna tu.

"Lakini écoute, sikia. Mu ile bureau yetu ya kura, kama chama kinapata zéro, miye nitapita wapi? Batasema hata mu nyumba yake habamupendi."

Nikaguna tena. Tangu siku hiyo neno lake halikunitoka kichwani. Avenue nzima ilikuwa imeapa kuwaadhibu watu wa chama kile, nami ndiye niliyekuwa nimeapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tulipiga kura Jumapili, baada ya misa ya kwanza, katika darasa la shule ya msingi. Chama cha yaya hakikuleta hata shahidi wa kukaa pale na kuangalia. Yaya alitangulia kuingia, nami nikafuata baada ya watu wachache. Mashine ilinionyesha sura za wagombea. Kidole changu kilisimama hewani, nikamkumbuka alivyoinua mikono pale barazani. Nikafinya sura ya mtu wao. Karatasi ikatoka, nikaikunja, nikaitumbukiza sandukuni, nikatoka nimenuna kama mtu aliyemeza kwinini. Nilijisemea kwamba sikuwapigia wao, nilimpigia dada yangu. Angalau tungekuwa wawili.

Kesho yake asubuhi matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye mlango wa darasa. Kiti kilikuwa kinahama chama, hilo kila mtu alilijua. Upande ulioshinda walikuwa wanacheza uwanjani, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kutangaza kwamba safari hii kanivo itakuja kweli. Yaya alijipenyeza mpaka mlangoni, nami nyuma yake. Tukatafuta mstari wa chama chake.

Moja.

Damu ilinipanda. Yangu ilikuwa moja, na ya yaya moja. Ni nani aliyekula ya pili? Nilifungua mdomo nianze vita na watu wa uchaguzi palepale, nikiwa fundi asiye na shahidi wala wakili. Yaya akanishika mkono, akanifinya kwa nguvu.

"Acha," akasema taratibu. "Balihesabu muzuri."

Nikamtazama. Hakunitazama.

Nyuma yetu watu walikuwa wamekwisha kuuona mstari ule. "Eh, Mama Présidente! Ulivoter peke yako!" Vicheko vikaenea. Yule mama wa godoro alikuwapo pia, lakini yeye hakucheka. Yaya alitabasamu, akasema, "Muniache, banangu," akapita katikati yao kichwa kikiwa juu. Hakukana. Tulirudi nyumbani, na siku mbili nzima mezani tuliongea habari za chumvi.

Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku, na asubuhi godoro likawa ukutani. Yaya alilitazama muda mrefu. Kisha akaja barazani na ile blauzi mpya, sketi yake, na vitenge vyote vya chaguzi zilizopita, akaviweka juu ya cherehani yangu.

"Fumua yote," akasema, akilionyesha lile godoro kwa kidole. "Ushone nguo ya kuvalisha matela ya ule mama. Sura zikae ndani."

Nikaanza kufumua. Alikaa kwenye kiti cha wateja, na baada ya kitambo akaanza kusema mwenyewe.

"Ile moya haikuwa yangu. Nilifika mbele ya machine, nikamukumbuka na matela yake. Mukono inakataa. Nikafinya ule mwingine." Akaokota uzi ulioanguka sakafuni. "Miye njo Présidente, na miye njo nilibaacha."

Nilikuwa naunganisha vipande viwili vya kitenge, sura kwa sura. Sikuinua kichwa.

"Sasa ile moya iko ya nani?" akauliza. "Niliwaza nyumba kwa nyumba. Sijue nani mu hii avenue bado anabaamini. Balimudanganya sana, ule muntu. Jana kwenye misa ya asubuhi nilimuombea." Akasogeza kiti karibu yangu. "Weye unawaza njo nani?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Niliziacha humo, nikatikisa kichwa.