Wifi Yangu na Gari la Kwenda Mombasa

Wifi yangu Mwanaesha anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake hapa Sofia, Voi, na ukitia kidole kwenye sufuria yake eti unaonja, atakuchapa mwiko mbele za watu. Ndivyo alivyo. Kwa hivyo siku ile hospitalini kimya chake kilinitia hofu kuliko maneno ya daktari.

Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, baada ya kumtafuta miaka. Mtoto mwenyewe kiduchu, vidole vimekunjwa havikunjuki. Daktari Mwelu alipoleta majibu ya damu, alikaa kabisa pale kitandani akatueleza taratibu: mtoto ameumbwa na kromosomu moja ya ziada, moyo una tundu, pumzi humkatika, na hali hiyo haina dawa. Wengi hawafikishi mwaka. Njia zilikuwa mbili. Apelekwe Mombasa kwenye mashine ya kupumulia, ambayo huenda ingemwongezea muda lakini isingemponya. Au arudi nyumbani, alishwe kwa mrija, apewe dawa asiumie, na nesi awe anakuja kumwangalia.

Kakangu Badawy, baba mtoto, hata hakumwacha daktari amalize. Akasema Mombasa, akatoka kutafuta ambulensi.

Halafu mama yetu naye akatoa amri yake. Kwetu mzazi hatoki nyumbani mpaka arobaini iishe, na kwa mama hilo halina mjadala. Basi mtoto angesafiri na Badawy na mimi. Mwanaesha angerudi Sofia akandwe kwa maji moto, anywe uji wa pilipili manga. Yaani mtu anatenganishwa na mwanawe hivi hivi. Nikauliza, jamani, mwenyewe ameulizwa? Mama akaniambia nifunge mdomo. Mdomo wangu haufungiki, lakini mama ni mama.

Ambulensi ilipofika ndipo Mwanaesha akafungua kinywa.

"Daktari, akiwa kwenye mashine, mtu anaweza kumpakata?"

Daktari akasema siku za mwanzo pengine haitawezekana.

"Basi haendi."

Sijawahi kumsikia kakangu akimpandishia mkewe sauti, ila siku hiyo. "Unamrudisha nyumbani afe?"

"Siku alizopewa, Badawy, azimalize kwangu."

Dereva kasimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Badawy akamchukua mtoto na kushika njia, na hata mlango hajaufikia, pumzi ikakatika. Midomo ya mtoto ikageuka rangi. Kakangu akaganda. Nesi akamsugua nyayo mtoto, tukangoja, Mola wangu tulingoja, hadi kikavuta kile kifua. Badawy akamrudisha kwa mamake, akakaa sakafuni na kanzu yake nyeupe, akalia. Alikuwa anaogopa tu, maskini, na sote tulidhani ana msimamo.

Alipoinuka alimwambia dereva samahani, akamwomba daktari amfundishe kulisha kwa mrija.

Siku ya saba tulimnyoa nywele akaitwa Jannat. Badawy akahamia chumba cha mzazi, ambamo kwetu wanaume hawakai, akawa ndiye anayetia maziwa kwenye mrija, polepole, mwenyewe ulimi nje. Nilimcheka sana. Mama alinuna, kisha akachoka kununa, akawa anakuja kumshika mjukuu wake ili Mwanaesha apate usingizi. Vicheko vilikuwepo nyumba ile, asikudanganye mtu. Lakini sikio letu sote lilikuwa kwenye ile pumzi.

Ijumaa moja, wanaume wametoka kuswali, pumzi zikaanza kuachana mbali. Mwanaesha alikuwa amempakata. Nilinyanyuka niite gari. Badawy akanishika mkono akanikalisha, akainama sikioni kwa binti yake.

"Mamangu, ukichoka, pumzika. Hatutakulaumu."

Jannat akavuta moja. Tukangoja nyingine, haikuja.