Tulipong'oa Kahawa Gishubi

Nilipoolewa Gishubi, kilima cha mama mkwe wangu kilikuwa bado na migomba. Mimi ni mtoto wa Muyinga mjini, baba yangu fundi cherehani, na jembe sikulijua. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha: magimbi kivulini mwa migomba, maharage pale penye jua, maboga yaachwe yatambae yanakotaka.

Mwaka uliofuata watu wa serikali wa kahawa walikuja na kamba na vigingi. Wakapima kilima chetu na vya majirani wote. Migomba ikakatwa, miche ikapandwa kwa mistari toka barabarani hadi bondeni, na tukakatazwa kuchanganya kitu kingine humo. Hata samadi ya mbuzi wetu ilikuwa ya kahawa. Chakula chetu kikabaki kijisehemu nyuma ya jiko. Lakini kahawa ilinunuliwa, tukapata unga wa dukani, tukanyamaza.

Kisha vita ikaja. Mume wangu alikwenda Gitega kutafuta chumvi. Gari alilopanda likapigwa risasi njiani, tukaletewa koti lake tu. Kiwanda cha kuoshea kahawa kikafungwa. Buni zikaiva, zikaanguka, zikaoza chini ya miti. Duka likafungwa pia, mbuzi wetu tukawala wakaisha. Pande zote nne ilikuwa kahawa, na binti yangu wa miaka mitatu alikuwa analia njaa.

Asubuhi moja nilimkuta mama mkwe anachimba mizizi ya mti wa kahawa.

"Mama, watatufunga," nikamwambia.

"Wafunge. Huko jela si wanakula?"

Nikachukua jembe langu. Tuling'oa mistari sita kwa siku nne, mikono ikitoka malengelenge, tukapanda maharage tuliyopewa na jirani. Yalipotoa maua nilianza kulala usingizi kidogo.

Ndipo akaja moniteri, yule msimamizi wa kahawa wa kilima chetu, na wanaume wawili wenye mapanga. Tulimfahamu; mkewe alikuwa anateka maji nasi.

"Mama, sheria iko ile ile," alimwambia mama mkwe bila kumtazama. "Mi natumwa tu. Haya yang'olewe, kahawa irudishwe."

Mama mkwe akachuma buni moja mbivu iliyosalia mtini, akamnyooshea. "Kula. Kula mbele yangu ushibe, halafu ung'oe."

Moniteri hakuipokea. Alisimama kando, wale wawili wakang'oa, mstari kwa mstari. Mama mkwe alikaa chini katikati ya maharage, wakang'oa kumzunguka. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni na sikufanya lolote. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikupiga hata kelele.

Tuliyachemsha yale majani ya maharage, tukayala siku mbili. Baada ya hapo hakukuwa na kitu. Miguu ya binti yangu ikavimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi. Nikasema twende Mushasha, masista wanatoa uji.

"Nenda na mtoto," mama mkwe akasema. "Mi miguu haifiki. Na nyumba ikiachwa tupu wataipanda kahawa."

Nilimwachia mtungi wa maji na magimbi matatu madogo, ya mwisho niliyofukua nyuma ya jiko. Mushasha mtoto alipewa maziwa kwa kijiko. Siku kumi hakunyanyua kichwa, ya kumi na moja akanivuta kitenge akitaka zaidi. Nililia mbele za watu.

Niliporudi Gishubi kumchukua mama mkwe, mtoto akiwa mgongoni, mke wa moniteri alinikuta kwenye njia. Alinishika mkono kabla sijafika.

"Tumemzika juzi," alisema. "Alikuwa ameegemea mlango. Mume wangu ndiye aliyechimba."

Nikaingia ndani, nikakunja mkeka wake na koti la mume wangu. Wiki hiyo hiyo nilimbeba binti yangu kwenda Muyinga, kwa baba. Alitukuta mlangoni, akamtazama mtoto, akaniuliza, "Huyu ndiye mjukuu wangu?" Kisha akampigia kelele mama yangu alete chakula, chochote kilichopo, haraka.